Kesi Isiyo na Mahakama: Neno *Case* Miongoni mwa Wasemaji wa Kiswahili wa Louisville, Columbus na Buffalo

Desemba 1973 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Sita, yenye makao yake Cincinnati, ilitoa hukumu katika shauri lililobeba jina la mtaa. Mlalamikaji alikuwa Baraza la Eneo la Newburg, chama cha wakazi wa kitongoji cha Weusi kilichoko kusini-mashariki mwa Louisville, Kentucky. Mlalamikiwa alikuwa Bodi ya Elimu ya Kaunti ya Jefferson. Wakazi walidai kwamba shule ya msingi ya Newburg ilibaki shule ya Weusi kana kwamba Mahakama ya Juu haikuwa imeharamisha ubaguzi wa shule mwaka 1954, na majaji wakakubali. Julai 1974 Mahakama ya Juu, ikiwa imetoka kuamua shauri lingine la ubaguzi wa shule, la Detroit, ililirudisha la Newburg likatazamwe upya. Desemba mwaka huohuo majaji wa Cincinnati wakashikilia msimamo wao. Tarehe 4 Septemba 1975 mabasi yalianza kuwachukua watoto wa Louisville, Weusi kwa Weupe, kuwapeleka shule za upande wa pili, na vurugu zilizofuata zikawaleta askari wa jimbo barabarani.

Katika Kiingereza cha Newburg, *case* hiyo ni urithi. Mtaa wenyewe unajitambua kwa watu waliotafuta haki kwa karatasi: miongoni mwa waanzilishi wa makazi ya Weusi ya eneo hilo ni Eliza Tevis, aliyezaliwa mtumwa, akapata uhuru wake, na mwaka 1851 akanunua ekari 40 pamoja na mumewe Henry. Kesi ya 1973 ni kitu ambacho watu wa mtaa walikifungua wenyewe na kukisimamia hadi kikashinda, wakakipa jina lao.

Sasa mchukue Mkongo aliyefika Louisville akitokea kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, Tanzania. Naye ana kesi. Anaijua namba yake kwa moyo kuliko namba yake ya simu. Lakini kesi yake haina hakimu wala mshtaki, hakuifungua yeye, na ndani yake wamo mkewe, watoto wake na labda mama yake mzazi. Makala haya yanahusu kesi hiyo ya pili. Hoja yangu ni kwamba si tafsiri mbovu ya neno la Kiingereza, wala si uvivu wa wakimbizi, kama nilivyowahi kusikia walimu wa lugha wakidai. Ni maana mpya ya Kiswahili, iliyozaliwa makambini na kukomaa katika miji ya Marekani, na anayeitafsiri kana kwamba ndiyo kesi ya mahakamani huwatia watu hofu bila sababu.

Tuanze na Kiingereza chenyewe, kwa sababu *case* ni maneno mawili yaliyovaa vazi moja. La kwanza linatokana na Kilatini *casus*, jina la kitenzi *cadere*, yaani kuanguka. Kilichoanguka ni kilichotokea: tukio, hali, jambo lililompata mtu. Kupitia Kifaransa cha kale neno hilo liliingia Kiingereza katika Zama za Kati na kujigawa katika shauri la mahakamani, mgonjwa anayetazamwa na daktari, hali ya jambo fulani, hoja ya kutetea wazo. Hata wanasarufi walilitwaa. Wagiriki walikuwa wakiyaita maumbo ya nomino maanguko, kana kwamba neno husimama wima na kisha kuinama kuelekea kazi yake katika sentensi. Warumi wakaitafsiri istilahi hiyo kwa *casus*, na leo wanaisimu wetu huiita uhusika. Charles Fillmore alipochapisha mwaka 1968 makala yake maarufu iliyozaa sarufi uhusika, aliiita "The Case for Case", jina ambalo kwa Kiswahili haliwezekani, maana *case* ya kwanza ni hoja na ya pili ni uhusika. Ukoo huohuo wa kuanguka umezaa neno la bahati, *chance*, ambalo chimbuko lake ni dado inavyoanguka. Vijana wa Nairobi na Dar es Salaam wanaosema wanatafuta chansi wanatumia ndugu wa kesi bila kujua.

La pili halina uhusiano na kuanguka. Linatokana na *capsa*, sanduku, kutoka kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kushika. Hilo ndilo lililo katika sutikesi na katika kava la simu, ambalo Waingereza huliita *case* vilevile. Kwa upande huu Kiswahili kina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Kwa Wareno *capsa* ilikuwa *caixa*, na Wareno walipofika pwani yetu mwishoni mwa karne ya 15 walituachia kasha. Kwa Wafaransa ilikuwa *caisse* na kwa Waitaliano *cassa*, sanduku la fedha, ambamo Waingereza walichota *cash* kwa maana ya sanduku kwanza na ya fedha taslimu baadaye. Keshi ya dukani Kariakoo na kasha la bibi wa Lamu ni wajukuu wa bibi mmoja. Kiswahili kilipokea matawi hayo kwa milango tofauti na kwa karne tofauti, na hakuna msemaji anayeyachanganya. Mwingereza ndiye aliyebaki na mkanganyiko, si sisi.

Kesi ya mahakamani tuliipokea mwisho. Kabla yake Kiswahili hakikukosa maneno ya ugomvi wa haki. Kulikuwa na daawa, na mbele ya kadhi walisimama mdai na mdaiwa. Kulikuwa na shauri, neno lenye asili ya Kiarabu linalobeba mashauriano na hukumu kwa pamoja. Wajerumani walilipenda neno hilo kiasi kwamba katika koloni lao la Afrika Mashariki kikao cha ofisa kusikiliza malalamiko ya wenyeji kiliitwa *Schauri* hata katika maandishi yao. Kesi ililetwa na mahakama za Waingereza, pamoja na mashitaka, rumande na dhamana, na ndiyo maana ilivaa sura ya upande mmoja. Katika shauri watu wawili wana jambo la kuamuliwa. Katika kesi, masikioni mwa Mswahili, kuna mtu aliyekamatwa. Ukisema fulani ana kesi, hakuna atakayeuliza kama ni mlalamikaji. Watu watauliza amefanya nini. Tanzania tuna hata kitenzi maalumu cha balaa hilo: mtu hubambikiwa kesi. Sijui kama kuna anayebambikiwa shauri. Sheria iliyopitishwa mwaka 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama za Tanzania imewapa waandishi wa hukumu nafasi ya kuchagua kati ya maneno hayo mawili, na wengi huandika shauri kwenye jalada huku wananchi wakiendelea kusema kesi barazani.

Huku nyuma, maana nyingine za *casus* zilipata maneno yao. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, magazeti ya Kenya yalihesabu visa vipya kila siku, na ya Tanzania yakahesabu wagonjwa au maambukizi. Kisa ni chaguo la kuvutia, kwani ni hadithi, tukio na sababu kwa pamoja. Linakaribia *casus* kuliko kesi inavyoikaribia. Ubaya wake ni wingi wake, unaofanana na kibali cha kuingia nchini, ambacho Watanzania wengi huandika viza.

Basi kesi ya mkimbizi ilitoka wapi? Ilitoka kwenye fomu. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) na washirika wake huwaandikisha watu kwa vifungu vya familia, na kila kifungu kwa Kiingereza huitwa *case*. Hapa kuanguka na sanduku vimekutana, ingawa wenye fomu hawakukusudia: ni jambo lililowapata watu, na ni bahasha walimowekwa. Kesi ya kambi ya Kakuma, Kenya, au ya Nyarugusu ina kiongozi, yaani mwombaji mkuu, na ina ukubwa wake unaohesabiwa kwa vichwa. Inaweza kuunganishwa na nyingine au kugawanywa. Mahojiano ya kwanza, kituo cha maandalizi kinachoendeshwa kutoka Nairobi na shirika la Church World Service, maofisa wa uhamiaji wa Marekani, vipimo vya afya, mafunzo ya utamaduni, ndege: kesi hupita mikononi mwa wote hao. Mwishoni familia hupanda ndege ikiwa na mfuko mweupe wa plastiki wenye herufi za buluu za Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, ambao huambiwa wasiuachie hadi wafike. Nguo zimo kwenye sutikesi. Kesi imo kwenye mfuko.

Wasemaji waliitumia kesi hii kwa sarufi isiyofanana na ile ya mahakamani. Ya mahakamani mtu huwa nayo, hushtakiwa kwayo, huishinda au hushindwa. Ya kambini mtu huwa ndani yake. "Tuko kesi moja" ni sentensi ambayo mahakamani ingemaanisha washtakiwa wenza. Kambini inamaanisha ndugu. "Yeye si wa kesi yetu" humtenga mtu anayelala chumba kimoja nanyi. Kwa hiyo kesi imekuwa nomino ya ujamaa, iko karibu na kaya na ukoo, na tofauti yake ni kwamba mipaka yake imechorwa na mtu wa nje.

Mipaka hiyo ndiyo yenye maumivu, na hapa inafaa kukaa kidogo. Kwa sheria ya Marekani ya wakimbizi, iliyotiwa saini na Rais Jimmy Carter Machi 1980, wanaoweza kuingia chini ya mwombaji mkuu ni mwenzi wake na watoto wake wasiooa wala kuolewa walio chini ya miaka 21. Kijana akivuka umri huo hupata kesi yake, hata kama hajawahi kulala nje ya nyumba ya mama yake. Mume mwenye wake wawili huingia na mmoja. Wa pili na watoto wake huwa kesi nyingine. Wabantu wa Somalia, ambao wengi wao ni wazao wa watu waliochukuliwa utumwani karne ya 19 kutoka Tanzania, Msumbiji na Malawi ya leo, waliyajua haya mapema. Marekani iliwakubali kama kundi mwaka 1999, mwaka 2002 wakahamishwa kutoka kambi ya Dadaab kwenda Kakuma kwa mahojiano, na kuanzia 2003 wakaanza kufika katika miji kama Columbus, Louisville na Buffalo. Warundi waliokimbia nchi yao mwaka 1972 walifuata kuanzia 2007, kisha Wakongo kwa wingi zaidi katika muongo uliofuata. Kila kundi lilikuta neno tayari, likaongeza maumivu yake.

Mwaka 2008 serikali ya Marekani ilifanya majaribio ya vinasaba kwa waombaji wa Afrika waliotaka kuwafuata jamaa zao, ikianzia Nairobi. Uhusiano wote uliodaiwa ulithibitika katika chini ya asilimia 20 ya kesi. Zilizobaki zilikuwa ama na uhusiano ambao haukuthibitika, ama na watu waliokataa kupimwa au hawakutokea. Mpango wa kuwafuata jamaa ukasimamishwa hadi Oktoba 2012, uliporejea na sharti la vipimo kwa mzazi na mtoto. Udanganyifu ulikuwapo; sioni faida ya kuukana. Lakini takwimu ile ilipima pia jambo lingine. Ilipima umbali kati ya kesi na familia. Mtoto wa marehemu dada aliyelelewa tangu ananyonya humwita mama yake mdogo mama, naye humwita mwanangu, na katika Kiswahili hakuna uongo hapo. Uongo huzaliwa pale jibu hilo linapoandikwa kwenye kisanduku cha fomu ambacho kinauliza damu. Ofisa aliuliza kuhusu kesi, akajibiwa kuhusu nyumba.

Wakimbizi wanapofika Marekani, neno lao hukutana na lile la Newburg, na la hospitali, na la shule, yote yakitamkwa sawasawa. Mashirika ya kupokea wakimbizi, kama Kentucky Refugee Ministries huko Louisville, Community Refugee and Immigration Services huko Columbus na Journey's End Refugee Services huko Buffalo, huajiri watu wanaoshughulikia familia mpya katika siku 90 za mwanzo: nyumba, kadi ya hifadhi ya jamii, shule za watoto, kazi. Nyaraka za Kiswahili humwita mhudumu huyo mfanyakazi wa kesi, na mgeni aliyetoka kambini hulielewa jina hilo bila shida. Anayetoka Mombasa au Tanga kwa njia nyingine, kwa masomo au kwa ndoa, akilisikia hudhani ni karani wa mahakama.

Hatari zaidi ziko kwenye sentensi fupi. Mkunga anapomwambia mjamzito kwamba kesi yake inahitaji uangalizi, mkalimani akatafsiri neno kwa neno, mwanamke husikia shtaka. Afya ya jamii ikitangaza kesi tatu za kifua kikuu katika jengo, wapangaji huuliza nani ameshtakiwa. Shule ikimwita mzazi kwa kikao kuhusu *case* ya mwanawe anayehitaji msaada wa kusoma, mzazi huja amevaa nguo za mahakamani, akiwa na kaka mkubwa wa kumsemea. Katika kila mfano huo Kiswahili kina neno lililo tayari: hali yako, wagonjwa watatu, suala la mtoto. Mkalimani hakulikosa, alivutwa na mfanano wa sauti, na mfanano huo ni mtego hasa kwa lugha iliyokopa upande mmoja tu wa neno.

Msemo wenye utata kuliko yote ni ule wa kufunga. Kambini, kesi kufungwa ni msiba. UNHCR ikifunga faili, watu wameondolewa kwenye foleni, na mara nyingi hawaambiwi kwa nini. Louisville au Buffalo, kesi kufungwa ni jambo la kawaida kabisa: siku za huduma zimekwisha, familia ina nyumba na kazi, mhudumu anaandika taarifa yake ya mwisho na kuweka faili kabatini. Barua inayosema *your case has been closed* ikigeuzwa kuwa "kesi yako imefungwa" humfikia mtu kama tangazo la kufukuzwa nchini. Ningeitafsiri "huduma zetu za mapokezi kwako zimekamilika", bila neno kesi hata mara moja, na ningeongeza kwamba hali yake ya ukaaji haikuguswa. Watakaosema hiyo ni nyongeza wana haki kwa kipimo cha mahakamani, ambako mkalimani hana ruhusa ya kuongeza. Barua ya ofisi si ushahidi chini ya kiapo.

Wapo wanaopendekeza tuachane na kesi kabisa na kuweka jalada au faili kwa makaratasi, shauri kwa mahakama, na kadhalika. Kwa mahakama nakubali. Kwa wakimbizi sikubali, kwa sababu mbili. Jalada ni karatasi, na kesi yao ni watu. Ukimwambia mama wa Nyarugusu kwamba mwanawe hayumo katika jalada lake, umempunguzia jambo uzito. Pili, neno limekwisha kukaa. Limetumika kwa zaidi ya miongo miwili katika nchi nne au tano, lina sarufi yake na vitenzi vyake, na lugha haiombi ruhusa ya kamati kwa hilo. Kinachohitajika ni kile ambacho Kiswahili kimekuwa nacho siku zote, yaani kiunganishi cha -a: kesi ya kusafiri, kesi ya polisi, kesi ya ndugu zetu. Wasemaji hufanya hivyo wenyewe wanapoona msikilizaji ni mgeni wa mambo. Watayarishaji wa nyaraka ndio hawafanyi. Na kamusi zetu, ambazo kwa kawaida hutanguliza maana ya shauri la mahakamani, zinapaswa kuandika ya pili kwa ufafanuzi wake kamili: kikundi cha watu wanaoshughulikiwa pamoja kwa ajili ya kuhamishiwa nchi nyingine.

Mambo hayo yamepata uharaka mpya. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusitisha mpango wa kuwapokea wakimbizi kuanzia tarehe 27 ya mwezi huo. Kesi haikai tu ikisubiri kama shauri lililoahirishwa. Uchunguzi wa usalama una muda wake, vipimo vya afya vina wake, na kimoja kikiisha vingine huweza kuisha kingali kinarudiwa. Kijana aliyekuwa na miaka 20 atatimiza 21. Mtoto atazaliwa, na ukubwa wa kesi utabadilika. Kisha, tarehe 1 Machi 2025, amri nyingine ilikitangaza Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Marekani na kuifuta ile ya Rais Bill Clinton ya Agosti 2000 iliyozitaka ofisi za serikali kuu kuwafikia wasiojua Kiingereza vizuri. Ofisi hazikukatazwa kutafsiri, zimepunguziwa wajibu. Penye wajibu mdogo, barua itasomwa na mwanafunzi wa darasa la saba aliyerudi na basi la shule, na yeye ndiye atakayeamua mezani, mbele ya baba na mama, kama *suspended* ni kusimama au kufutwa, na *case* ni ya nani.